Nusunusu wa Tangi la Nne

Jumatatu, 4 Machi
Bosi ametangaza. Mlishaji wa samaki anastaafu wiki hii. Mwenye tangi safi kuliko yote Jumamosi ndiye atakayerithi kazi: kiti, ndoo ndogo, shati lenye mfuko. Miaka mitatu nasugua vioo katika ukumbi huu wa samaki, magoti yameota sugu. Mpinzani ni mmoja tu, Kijiko wa tangi la tano, mvivu wa kutupwa. Nimempigia mama watoto huko nyumbani nikamwambia kazi nimeshapata. Kutangulia si vibaya.

Jumanne, 5 Machi
Msiba katika tangi langu la nne. Yule samaki mdogo wa pangoni, Nusunusu, zambarau mbele na manjano nyuma kama aliyepakwa rangi ikaisha njiani, yuko tumbo juu chini ya dari ya pango. Nikamwendea Bosi, kofia mkononi, uso wa matanga. Akaja, akatazama, akaniuliza nina miaka mingapi hapa. Kumbe ndivyo anavyoishi. Dari ikiwa karibu, hiyo ndiyo sakafu yake. Kijiko alicheka mpaka akaangusha ufagio. Sasa ananiita Mchimba Kaburi.

Jumatano, 6 Machi
Pango limejaa majani ya mwani. Nimeyatoa yote kwa koleo refu. Baada ya chai, yamerudi. Nimetoa, yamerudi. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Ni yeye, Nusunusu, anabeba jani mdomoni kama fundi aliyechelewa kazini. Nikatia mkono. Akanipanulia mdomo mpana kuliko mwili wake. Urefu wake ni kidole changu. Nikautoa mkono. Sikuogopa, ulikuwa umechoka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeziba pango kwa jiwe. Mjanja mimi. Kufika adhuhuri amehamishia majani yote kwenye bomba, limeziba, maji yamekuwa kijani. Nimeondoa jiwe, nimezibua bomba saa tatu nzima. Nusunusu amerudi kwake na majani yake, hata kunitazama hakunitazama. Nimesalimu amri.

Jumamosi, 9 Machi
Ukaguzi. Bosi akamulika tochi pangoni, ikaangukia majani. Nikaanza kufungua aproni. Akasema kuna mayai. Majani yale ni kiota: dume hujenga, jike hutaga, kisha dume hulinda. Tena wote huanza maisha wakiwa majike, baadaye mkubwa wao hugeuka dume. Akauliza nani aliyekitunza kiota. Nikasema mimi, kwa makusudi. Kijiko akakohoa sana.

Kazi ni yangu, mayai yameshinda vioo safi. Jioni nikamsimulia mama watoto habari za Nusunusu. Akasema: "Kumbe samaki wa kidole kimoja amejenga kwa siku nne, na jiko langu mwaka wa tatu halina bati. Baba watoto, wewe utageuka lini?"

Jumatatu, 11 Machi
Nimekaa kitini. Mfuko upo, nimetia kalamu. Raha tupu. Nusunusu yuko mlangoni kwake analinda, tumepatana.

Ila tangi la tano, kwa Kijiko, kuna samaki asiyekula. Mdomo umejaa vidude, vipira vidogo vingi kama vile vya kiotani kwa Nusunusu, kila kimoja na macho mawili. Hatemi, hamezi. Amepaliwa, maskini, na Kijiko hana habari. Bosi akisikia, lazima nipandishwe tena.

Nimempigia mama watoto nikamwambia leo nimeokoa maisha ya samaki. Sasa nakwenda kutafuta koleo.