Java Mbili na Zamu ya Buffalo

Jumatatu, 8 Agosti 2016

Imekwisha! Programu yangu ya kupanga zamu za kwaya nimeimaliza leo jioni, hapa mezani kwetu Northland, mke wangu Generoza akinihimiza niondoe kompyuta apange sahani. Jumamosi naionyesha Louisville, kwenye tamasha la kwaya za miji mitatu: wenyeji Louisville, sisi wa Columbus, na Buffalo, kwaya anayoiongoza yule Bisogo.

Mwaka jana Bisogo alipanga zamu kwa karatasi yake mwenyewe. Buffalo wakaimba nyimbo saba. Sisi mbili! Tena watu walikuwa wameshaanza kuvalisha watoto viatu. Safari hii itapanga mashine. Mashine haina ndugu wala mji. Mstari mmoja tu nimeisaidia: ikikutana na Buffalo, iwapeleke mwisho. Nani atauona?

Nimempigia Mama Esperance, mwenyekiti wa tamasha kule Louisville. Nimemwambia programu inafunguka kwa kubofya mara moja tu. Akamshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Baada ya simu nikajaribu kubofya. Haikufunguka.

Jumanne, 9 Agosti

Ajabu. Nikifungua lile dirisha jeusi na kuandika amri, kila kitu kinakwenda vizuri. Nikibofya kile kipicha kwenye skrini, inafunguka ile programu ninayoandikia kazi zangu (naiita karakana), halafu inanitolea maneno mekundu: Java ni ya zamani mno.

Java ndiyo injini inayoendesha programu yangu, na kompyuta ina mbili. Ya zamani niliikuta humo nilipoinunua kwa mtu. Mpya niliiweka mwenyewe. Kipicha kinaikimbilia ya zamani kama mume anayekula kwa mama yake.

Generoza anasema basi niandike amri kwenye dirisha jeusi, kuna ubaya gani. Mbele ya Bisogo? Atawaambia watu nimeharibu kompyuta.

Akamwita mdogo wake, Angelika, anayetunza wazee kule Linden. Tulisoma naye kozi ya jioni ya kompyuta. Yeye alifaulu. Mimi nilikuwa na udhuru.

Angelika hakuigusa hata kompyuta. Alisema, "Shemeji, ni kama ghalani unakofanya kazi. Anayepita mlango wa wafanyakazi anasoma tangazo ukutani. Anayepita mlango wa malori halioni. Njia ya kuifikia Java mpya umeiandika mahali panaposomwa na dirisha jeusi peke yake. Kipicha kinapita mlango mwingine."

Akanitajia faili ambalo kompyuta hulisoma mtu anapoingia na nywila yake. Niandike njia humo, nitoke, niingie tena. Basi.

Nimemshukuru kwa upole. Ninao mpango bora zaidi.

Jumatano, 10 Agosti

Mpango wangu: kufuta Java ya zamani. Ikibaki moja, kipicha kitachagua nini tena?

Nimefuta. Nimebofya. Jana kipicha kilipata Java mbaya. Leo hakipati Java yoyote.

Kazini mawazo yote yalikuwa huko. Nimepeleka maboksi ya Cleveland kwenye mlango wa Toledo. Msimamizi ameniuliza kama ninaumwa. Nimesema ndiyo, ili tusiingie kwenye mambo ya Java.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimerudisha Java ya zamani. Nimebadilisha kipicha, nikaweka cha ngoma. Sasa naona ngoma, halafu maneno mekundu.

Bisogo amepiga simu kutoka Buffalo. Ati anauliza tu kama tutafika salama. Kisha akasema karatasi yake ya zamu anakuja nayo, ameshaifunga kwenye plastiki, mvua isije ikailowesha. Nimemwambia aiache nyumbani, dunia imesonga. Akacheka sana. Kicheko cha mtu ambaye hajawahi kufuta Java.

Nimenyenyekea. Nimeandika njia kwenye faili alilolitaja Angelika. Nimebofya. Wapi! Nikampigia kumwambia dawa yake ni ya uongo. Akauliza kama nilitoka na kuingia tena.

Nikamwambia simu inakatakata.

Nitatokaje? Nina madirisha kumi na manne wazi!

Ijumaa, 12 Agosti

Tumeondoka saa nane mchana, kwaya nzima, Angelika akiwemo, kwenye magari matatu. Kompyuta sikuizima, nimefunga kifuniko tu na kuipakata kama mtoto. Generoza kaniuliza kama leo nimejaribu kubofya. Nikamwambia awe na imani. Akasema imani anayo, ila si kwa kompyuta.

Tangu Cincinnati nimekuwa nikifanya mazoezi ya hotuba. Ni nzuri. Nimewashukuru walimu wangu, kisha nikawaondoa.

Jumamosi, 13 Agosti

Aibu! Lakini niandike.

Ukumbi ulijaa. Projekta ikawashwa, kompyuta yangu ikawa kubwa kama ukuta. Nikatoa hotuba yote. Nikainua kidole. Nikabofya.

Karakana ikafunguka. Maneno mekundu. Na juu ya maneno mekundu, maandishi yote ya programu yangu, ukuta mzima, kwa Kiswahili safi, kwa sababu mimi huwa naandika majina yote kwa Kiswahili ili nisisahau.

Bisogo akasimama, akavaa miwani yake. Akasoma polepole kama anayesoma zaburi: "Kama kwaya ni Buffalo, peleka mwisho."

Akaivua miwani.

Kisha akanigeukia, akachanganya Kifaransa na Kiswahili cha kwao. "Bon, Liberati. Donc ni mashini njo inasema ivi, ao ni weye?"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka mpiga kinanda akashika ukuta. Nilitafuta mlango. Generoza alikuwa ameuziba.

Angelika akaja mbele. Akafuta ule mstari, akahifadhi. Akatoka, yaani akafunga madirisha yangu yote kumi na manne bila kuniuliza, akaingia tena, akabofya ngoma. Programu ikafunguka! Mara moja! Ikapanga zamu: kila kwaya nyimbo nne, wa kwanza Buffalo.

Mama Esperance akasema hivyo ndivyo itakavyokuwa. Bisogo akaikunja karatasi yake. Tulipoimba sisi, mtu wa kwanza kuinuka kucheza alikuwa yeye, anapunga kitambaa. Kwenye chakula alikaa karibu nami, akanisogezea samaki mwenye kichwa kikubwa. Nikala.

Jumapili, 14 Agosti

Tumerudi. Njiani nimewaeleza wote garini jinsi nilivyoigundua ile shida ya njia ya Java. Angelika alikuwa anatazama nje dirishani.

Mchana huu Mama Esperance kanipigia. Mwanawe anaoa Oktoba, wageni mia tatu. Je, naweza kutengeneza programu ya kupanga nani akae meza gani, ifunguke kwenye simu ya kila mgeni? Nikamwambia hiyo tayari ninayo, imebaki kidogo tu.

Sina. Programu za simu sijui hata huanzia wapi. Lakini kazi haijasimama: familia yangu nimeshaiweka meza ya kwanza, upande wa nyama.