Pikipiki ya Umeme na Mke Wangu Nyuma

Jumanne, 8 Julai 2025. Makere.

Amahoro, dada yangu Ininahazwe. Habari za Busunzu? Mgongo unaendeleaje, na watoto? Sisi huku tu wazima, Mungu ni mwema. Uliniomba niandike kila siku gharama na tabia za pikipiki ya umeme, ili nawe uamue kama utanunua. Basi naanza.

Imefika! Nyekundu. Kimya kama paka kanisani. Nimempita mzee mmoja njiani, akaruka pembeni na kuniuliza kama nimeanza uchawi. Haina mafuta, haina oili, haina plagi. Unachomeka ukutani kama simu, unasali, unalala. Umeme wa elfu moja hivi unaijaza. Kwa mafuta, safari ya Kasulu na kurudi nilikuwa namaliza elfu tano. Betri mpya, ukiiharibu, ni bei ya ng'ombe. Hilo mke wangu Ndayikeza nilimnong'oneza tu.

Alisikia. Yeye alitaka ng'ombe tangu mwanzo. Ametoa sharti: Ijumaa nimpeleke hospitali ya Kabanga kumwona mama yake aliyelazwa, kisha turudi. Ikituzimikia njiani, pikipiki inarudi dukani Kasulu, tunanunua ng'ombe. Nimekubali huku nacheka. Moyoni sikucheka.

Haidari, mwenye bodaboda ya mafuta pale kijiweni, ameiita blenda. Ameomba nimsagie juisi.

Jumatano, 9 Julai.

Nimepata ujanja! Firdausi, mama aliyeniuzia, alinionya nisizime ufunguo kwenye mteremko. Alisema niiache inawaka na kushika breki taratibu, maana hapo breki inarudisha chaji kwenye betri. Namheshimu sana. Lakini breki irudishe chaji? Breki kazi yake kusimamisha! Mama wa mjini, hajui milima yetu. Huku kila mtu, tangu enzi za pikipiki ya kwanza kufika Makere, akifika kileleni anazima injini na kujiachia hadi bondeni. Unakula kilomita za bure. Mungu ameumba miteremko, nani atakataa?

Nikazima kila mteremko, kwenda Kasulu na kurudi. Upepo mtupu! Niliimba zaburi.

Kisha mlima wa mwisho, ikakata roho. Nikasukuma. Dada, inateleza kama mwewe ikiwa hai, lakini ikifa ina uzito wa jeneza la tajiri. Akapita Haidari. Akauliza kwa upole kama blenda imekosa maembe. Halafu, maana si mtu mbaya, akafungua kamba aliyofungia mbuzi wa abiria wake, akanikokota mpaka nyumbani. Mbuzi akapakatwa na mwenyewe. Mbuzi huyo alinitazama njia nzima.

Ndayikeza alikuwa mlangoni. Aliuliza tu ng'ombe wa kisasa anakula nini.

Alhamisi, 10 Julai.

Nikasema tatizo ni chaji ya nyumbani, ni nyepesi. Ya kanisani itakuwa nzito, kuna soketi kubwa ya kwaya. Tena ni ya bure, na mimi ni mwenyekiti wa kigango. Nikaichomeka nyuma ya kabati la mavazi wakati wa mazoezi. Nikapiga na ishara ya msalaba.

Wanakwaya walipofika wimbo wa Utukufu, kinanda kikanyamaza. Spika zikanyamaza. Sauti ya tatu wakaendelea peke yao kama walioachwa na basi. Uniti zote za kigango, kwisha! Katekista Fidele akaufuata waya kwa kidole, taratibu, hadi kwangu. Akaniambia: "Mwenyekiti, Roho Mtakatifu anashuka bure. Umeme tunanunua."

Nimenunua uniti za kigango hadi mwisho wa mwezi. Iandike, dada: gharama ya kuchaji bure ni kubwa.

Lakini imejaa. Na taa yake ya mbele, ungeiona! Hata Fidele aliigusa kidogo.

Ijumaa, 11 Julai.

Siku ya hukumu. Ndayikeza nyuma, kitenge kimefungwa, kikapu cha ndizi na ugali wa muhogo mapajani. Nilisali rozari moja kabla ya kuwasha. Tukapanda mlima wa kwanza kama tumebebwa na malaika. Kileleni nikapeleka mkono kwenye ufunguo, kama kawaida. Akanifinya bega. Akasema: "Baba Stanislaus! Ukizima kitu hiki naruka, na kikapu naruka nacho!" Anaogopa kushuka na mashine iliyolala. Nikaacha ufunguo. Kila mteremko nikashuka nimeshika breki, yeye akiomboleza majina ya watakatifu.

Tukafika Kabanga. Mama mkwe anaendelea vizuri, alikula ndizi mbili. Kurudi hivyohivyo: breki, watakatifu, breki. Tukaingia uani na chaji imebaki! Haidari alikuja kuchungulia kioo cha chaji, akashusha kofia. Aliomba mzunguko mmoja. Alirudi anatabasamu kama bwana harusi.

Ndayikeza akashuka, akaipangusa vumbi kwa kitenge chake mwenyewe. Akasema ng'ombe asubiri. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumamosi, 12 Julai.

Sikulala, nilikuwa nafikiri. Jumatano peke yangu, ikazimika. Jana tulikuwa wawili, ikabaki chaji. Kimetofautiana nini? Ndayikeza! Uzito, dada! Uzito ndio unaoisukuma chaji ndani ya betri. Nilimpigia Firdausi kumpa ugunduzi huu. Akasema ni breki, baba, ni breki tu. Maskini, biashara imemchosha.

Jumatatu nakwenda Kasulu na magunia mawili ya maharage, na yule mwimbaji mnene wa sauti ya nne juu yake. Na kwa kuwa yeye haogopi, miteremko yote nitazima ufunguo. Uzito pamoja na bure! Huenda nikarudi na chaji ya kuuza.

Nunua, dada, usisite. Kisha uje, nikupeleke hadi Kibondo. Tafadhali nijibu upesi, na uniandikie una kilo ngapi.

Kaka yako, Leonidasi.