Malalamiko Juu ya Damu Iliyosema Sitapona

Rangwi, Lushoto
Agosti 1993

Kwa Daktari wa Wodi ya Wanaume

Ndugu Daktari,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi ni Hashimu, mgonjwa wako wa kongosho, yule aliyelia kwa maumivu hata watoto wa wodi ya pili wakanyamaza kusikiliza. Nimepona. Nala ugali, nalima viazi. Ndiyo maana nakuandikia kwa hasira.

1. Ulinitoa damu, ukaipeleka maabara, ikarudi na maneno yake: chembe nyeupe zimepanda, sukari imepanda, kalsiamu imeshuka. Ukawaita ndugu zangu nje ukawaambia kwamba wenye damu ya namna hii wengi hawavuki. Daktari, damu ni yangu! Nimeilisha maharage yangu mwenyewe tangu utoto. Imepata wapi ujasiri wa kunisema kwa watu, nami nipo papo hapo kitandani? Najua siku hizi ni vyama vingi, lakini hata damu ya mtu iwe upinzani?

2. Dada yangu Mwanaidi aliposikia hayo alikwenda kununua sanda. Mpaka leo imo kabatini. Nikimwambia airudishe dukani, ananijibu kwamba haiozi.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Unajua desturi yetu: mtu akionekana anaondoka, huombwa radhi naye hutoa radhi, asije akaenda na kinyongo. Basi wakamleta jirani yangu Shabani, mtu aliyeng'oa masale ya mpaka akayapanda upya ndani ya shamba langu, na ambaye sijamwitikia salamu tangu enzi za duka la ushirika. Akalia machozi. Nami, kwa kuiamini damu, nikamsamehe mbele ya mashahidi! Alipoona mlango uko wazi, akamwombea na mwanawe Abubakari, anayepeleka kabichi Dar es Salaam kwa lori, amwoe binti yangu Salama. Posa hiyo nilikwisha kuikataa, na Salama akawa hasemi nami ila shikamoo tu. Nikasema haya, mchukueni. Nilidhani sitakuwepo kuiona aibu hiyo. Sasa nipo, na Shabani ananiita mkwe sokoni kwa sauti kubwa.

4. Kwa hiyo naomba damu ipimwe tena, safari hii mwenyewe nikiwa nimesimama, ikiri kosa lake. Kisha hospitali iandike barua yenye muhuri kwamba radhi zote nilizotoa wodini ni batili, kwa kuwa zilitolewa na mtu aliyedanganywa na damu yake. Mkikataa, nitakata rufaa kwa Mganga wa Wilaya, na huko nitadai moja: ama mnifutie radhi zangu, ama mnirudishe kitandani nife kama mlivyoahidi.

Wasalimie wauguzi wote, hasa Sista Loyce aliyenishika mkono, na yule mzee wa kitanda cha dirishani kama bado yupo.

Ni mimi, mwenye damu isiyoaminika,
Hashimu

N.B. Harusi ni Ijumaa ijayo, na umealikwa. Jana nilimsikia Salama akiimba jikoni. Tangu mama yake afariki nilikuwa sijaisikia sauti ile. Tafadhali sana, Daktari, usithubutu kunitumia majibu mapya ya damu kabla ya harusi. Nikishajua kwa hakika kwamba nimepona, najijua mimi, nitakataa tena.