Dakika Tatu za Kufumba Macho

Siku mkahawa wa rameni, tambi za mchuzi za Kijapani, ulipofunguliwa ghorofa ya pili ya jumba la maduka, kati ya duka la miwani na duka la magodoro, watu wote walitazama mabakuli. Kinanda peke yake alitazama viatu.

Kinanda si jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa mjini, kwa kuwa kila aliyemgusa alisikia wimbo aliotaka kuusikia. Kwa wajane alikuwa mjane, kwa wenye viwanja dalali, kwa wagonjwa mjuzi wa dawa. Ofisini hakuwahi kufanya kazi hata siku moja, ingawa tai alikuwa nazo sita.

Na mchana huo aliona muujiza. Wateja, kabla ya kupanda kwenye jukwaa la mikeka lenye meza fupi, walivua viatu wakavipanga kwenye rafu mlangoni, bila namba wala mlinzi. Watu wazima, wenye akili zao na shahada zao, wanavua mali kwa hiari na kuipa kisogo! Kinanda nusura amwage machozi ya shukrani.

Ndipo akaingia bonge la mtu, shati jeupe, saa kubwa kama kifuniko cha sufuria, na miguuni viatu vya ngozi ya mamba. Aliviweka rafuni taratibu, akageuka kuvitazama tena, kama mzazi anayemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza. Kisha akaketi, akashika kijiti kimoja cha kulia tambi kwa kila mkono, akaanza kuhangaika.

Kinanda akavua viatu vyake, akapanda, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani kukuingilia. Nimeshindwa kuvumilia kuona mtu wa heshima akiteswa na tambi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa! Mimi ni mkandarasi. Kesho wageni wangu wakubwa wanataka tule hapahapa. Kujenga maghorofa naweza, lakini kula hizi kamba za viatu sikufundishwa."

"Mungu hamtupi mja wake. Mimi nimeishi Japani miaka kumi na miwili."

Kwa kweli upande wa mashariki Kinanda hakuwahi kuvuka kiwanda cha saruji.

"Basi agiza, mwalimu! Agiza, leo ni juu yangu."

Mwalimu hakuona haya. Likaja bakuli la kumwogeshea mtoto mchanga, mchuzi umetulia kama kioo, nyama imepangwa pembeni, mayai mawili katikati yanamtolea macho. Akafundisha kushika vijiti, akafundisha kufyonza tambi kwa kelele, maana huko, alisema, kula kimyakimya ni kumtukana mpishi. Mkandarasi akafyonza, mchuzi ukamrukia hadi kwenye kola.

"Safi! Sasa limebaki moja, kubwa kuliko yote." Kinanda akapandisha sauti, maana uongo mzuri unahitaji nafasi. "Heshima ya mpishi. Unafumba macho dakika tatu nzima, unafyonza bila kuchungulia. Anayechungulia anaonekana hakulelewa."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: dakika moja kufika rafuni, moja kuvaa mamba, moja kushuka ngazi za umeme.

Tatizo la sauti nzuri ni kwamba husikika. Meza ya jirani, dada mwenye kucha ndefu, aliyekuwa amepiga picha bakuli lake mpaka likapoa, aligeuka. "Jamani! Mlikuwa mnalijua hili?"

"Mimi nilikuwa nalijua," mumewe akasema haraka.

"Hata sisi," ikajibu meza ya tatu.

Mwenye mkahawa akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye aproni. Mapishi yote alijifunza kwenye video, kwa wiki mbili, na hofu yake kubwa duniani ilikuwa kuulizwa swali. "Ni kweli kabisa," akatamka. "Heshima ya mpishi. Nilikuwa najiandaa kuitangaza. Wapendwa wateja, tutafanya wote pamoja!"

Makofi. Watu wakaweka simu mezani, wakajiweka sawa.

"Wote, mama?" Kinanda akauliza. "Mimi nitasimamia tu..."

"Hapana, mwalimu atuongoze!" mkandarasi akasema, macho yakimng'aa kwa unyenyekevu. "Mimi mzee, mgumu wa kuelewa. Nikuone wewe kwanza, halafu nikufuate."

Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama. Kinanda akafumba, akaacha upenyo mwembamba jicho la kushoto.

"Mwalimu, mbona hilo linachungulia? Subiri nikusaidie." Na mkandarasi, kwa mikono laini kama ya muuguzi, akamfunga kitambaa cha mezani usoni, mafundo mawili.

Haya, Kinanda akajifariji gizani, nimalize zangu, zamu yake inakuja. Akafyonza. Ukumbi mzima ukafumba macho, ukafyonza, kishindo kama mifereji ya mvua inayozibuka. Katika kelele hizo, na juu ya mikeka ile, mtu mnene mwenye soksi hutembea kama paka.

Kitambaa kilipofunguka, mbele yake palikuwa na bakuli tupu na mto uliobonyea. Rafuni mamba hawakuwepo. Kisha sauti ya dada wa kucha ndefu ikapasua hewa.

"Simu yangu!"

"Mkoba wangu!"

"Simu yangu na yenyewe!"

Kila meza ilipapasa, kila meza ilikosa. Mwenye mkahawa akakimbilia kaunta. Hata kikapu cha bahashishi kilikuwa kimesafiri. Halafu mume wa yule dada akauliza polepole, "Hivi nani alituambia tufumbe macho?"

Vijiti arobaini vikanyooka kumwelekea Kinanda.

"Simjui yule mtu," akasema. Ilikuwa kweli tupu, na pengine ya kwanza kumtoka tangu utotoni, kwa hiyo ilimtoka kwa kigugumizi, vibaya mno, kama lugha ya kigeni. "Hata mimi... mimi nilitaka viatu vyake tu!"

Hapo akajimaliza. Walinzi wawili wa jumba wakamnyanyua kwapani na kumshusha jukwaani na soksi zake, huku wateja wakimzomea na kulalamika kwamba hawana hata simu ya kumrekodi.

Mlangoni mwenye mkahawa akamkimbilia. Kinanda akajikunja akitarajia kofi. Mama yule akatazama kushoto na kulia, akamsogelea sikioni.

"Lakini lile la kufumba macho... huko wanafanya kweli?"

Kinanda akautazama uso ule ulioomba jibu moja tu. Kigugumizi kikaisha.

"Kila siku, mama. Asubuhi na jioni."

Mama akashusha pumzi, akageuka ndani na kumwita mhudumu alete chaki, aandike ubaoni.