Tembo Aliyenipita Bila Shikamoo

Nambis, Mbulu

Kwa Mkuu wa Hifadhi ya Msitu,

Ndugu Mkuu, kwa kuwa sijui umri wako, sijui kama nianze mimi kukuamkia au nikungoje. Nina miaka sabini na mmoja, basi nakungoja.

Jumatano iliyopita sisi akina mama kumi na wanne wa Nambis tulikuja msituni kwako kujifunza mambo ya mazingira. Nilimleta na mjukuu wangu Rogathe, mwenye miaka tisa. Nasikitika kukujulisha kwamba nimerudi nimevunjiwa heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana wako Nurdin, mwenyeji wa Katesh, alitupokea getini akamwamkia kila mama kwa zamu yake. Wazazi wake wapongezwe. Lakini tulipoingia tu, akatukataza kusema neno lolote. Ndugu Mkuu, kwetu anayeingia kwa watu kimyakimya ni mwizi wa ng'ombe.

2. Tulikutana na tembo jike njiani, uso kwa uso. Nurdin akatunong'oneza kwamba ana miaka sitini na kidogo. Nikapiga hesabu, nikaona ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Nikasimama katikati ya njia ili aniamkie. Akanitazama, akapiga masikio, akapita. Marahaba niliyoiandaa nimerudi nayo nyumbani. Wanaosema nilikimbia wanakosea: nilivutwa na Nurdin nyuma ya mti. Mtu mzima hatishiwi nyau, sembuse tembo.

3. Alikuwa na mabinti zake na wajukuu. Nurdin anasema yeye ndiye kiongozi wa ukoo. Kama kiongozi wa ukoo ni huyo, wale watoto watajifunza wapi adabu?

4. Kima naye alimnyang'anya mwenzetu Efrazia hindi la kuchemsha, mama wa kima huyo akiangalia tu. Hili nimesamehe, kwa sababu Efrazia naye huwa hagawi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Kesho yake asubuhi Rogathe alinipita mlangoni bila kuniamkia, amejishika masikio anayapunga. Nilipomuuliza, akasema tulipelekwa kujifunza kutoka kwa wanyama. Nimemlea mtoto huyu tangu ananyonya. Leo ni Rogathe, mwezi ujao ni darasa lake zima, na kabla ya mavuno hakutakuwa na mtu wa kumwamkia mwenzake kuanzia Nambis mpaka Balangdalalu. Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo naomba tembo huyo aletwe uwanja wa kanisa Jumapili baada ya ibada, aniamkie mbele ya Rogathe. Ikishindikana, nitakuja mwenyewe nisimame palepale, na safari hii Nurdin asinivute. Pia umri wa kila mnyama uandikwe getini, ili mgeni ajue nani amwamkie nani. Heshima si utumwa.

Wasalimie askari wako wote, wake zao, na yule pongo aliyetupisha njia vizuri.

Ni mimi mwenye kusubiri,
Gaudensia Margwe

Nyongeza: Nilimwomba katekista Modest aniletee cheti changu cha ubatizo, nikiambatishe kama ushahidi wa umri. Kinasema nina miaka hamsini na minane. Marehemu mama aliniambia nilizaliwa mwaka wa njaa. Kumbe njaa zilikuwa mbili. Basi tembo ni mkubwa wangu, na aliyesimama bila adabu ni mimi. Tafadhali mfikishie shikamoo yangu. Ila barua hii usimsomee mtu yeyote wa Nambis. Jirani yangu Agatha ana miaka sitini na tano, na ananiamkia kila asubuhi, mwaka wa ishirini sasa, huku amepiga goti. Tembo huenda akanisamehe, lakini Agatha namjua.