Jicho la Kushoto la Mashua ya Marehemu

Ndugu Mwenyekiti wa Bandari,
hapa hapa visiwani Penghu.

Basi lile jicho kalikwangua. Lote, mpaka mbao. Mwanangu Chun-hiong huyo, anayeitengeneza upya mashua ya tanga ya marehemu baba yake. Ninayesema ni mimi, Siok-kim; anayeandika ni jirani yangu Mwalimu Ong, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Mwalimu, usiruke kitu.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote:

1. Mashua ya mvuvi huku kwetu ina macho mawili ya kuchorwa mbele, yanatazama chini kwa samaki. Lakini mume wangu Thian-hok, mwaka tuliooana, jicho la kushoto alilichora linatazama kando, kwa nyuma. Watu wakamcheka, "We Thian-hok, mashua yako ina makengeza!" Akaniambia mimi, "Waache, linakutazama wewe." Na kweli, ikifungwa gatini, linatazama dirisha la jiko langu.

2. Jicho halikufunikwa hata kwa kitambaa chekundu, kama ilivyo desturi, kabla ya kukwanguliwa. Nilimwambia. Akasema, "Mama, ni rangi tu." Na nyusi zake ni nywele tu, aje nimkwangue.

3. Tangu siku hiyo napika bila kutazamwa. Wali umeungua mara tatu. Ngisi wangu mkavu kachukuliwa na paka, ambaye zamani angeona haya.

4. Naomba mashua zote zifungwe vitambaa machoni mpaka yetu ione. Si haki za wenzetu zione, yetu ipapase. Meli ya abiria haina macho, basi mfungeni nahodha.

5. Vumbi la rangi nimelizoa, limejaa mitungi saba. Chun-hiong alibandike tena, chembe kwa chembe. Nitamwonyesha ipi ilikaa wapi.

Ni mimi, mwenye wali wa kuungua, Siok-kim. Nisalimie mkeo, na mama mkwe wako na mguu wake, na wote wa hekaluni.

Nyongeza: Mwalimu Ong kauliza, jicho lilianza lini kutazama jikoni kwangu. Si tangu ulipojengwa ukuta mpya wa bandari, mashua zikageuzwa? Kabla ya hapo, miaka kumi na minane, upande wa kushoto ulielekea ng'ambo ya bandari. Nilidhani jicho linanitafuta, halijanipata. Ng'ambo kuna nini? Kuna ghala la barafu, na kuna Gek-lan, msusi.

Ngoja.

Ndugu Mwenyekiti, waache wote waone, na nahodha. Chun-hiong ananiita huko nje: "Mama, njoo uone! Nimelichora upya, vile vile kama la Baba!" Haya, nakuja. Mwalimu, nipe hicho chuma cha kukwangulia.