Santuri Niliyoiosha Mwenyewe

Jumatatu, 3 Februari 1992

Nimeamka staa. Mpaka saa tano asubuhi nilikuwa bado staa. Saa tano na dakika kumi simu ikalia.

Bi. Ackerman, wakili wa kampuni ya rekodi. Ameniita Bwana Tibbs, nikajua kuna jambo, maana watu wanaonitakia heri huniita Dakta Sindano. Akasema ule wimbo wetu, "Tremont Asubuhi," una tarumbeta ndani yake. Nikasema ahsante. Akasema hakuwa ananisifu. Alitaka kujua tarumbeta ni la nani.

Nikamjibu ni langu. Nimelinasa kutoka kwenye santuri, nikalikata, nikalipunguza mwendo, nikalizungusha mara arobaini na nane chini ya maneno ya rapa wangu, Lyle. Jasho langu mwenyewe! Kisha akaniuliza kama nimesikia habari za yule jaji wa Manhattan aliyekata kesi ya namna hii kabla ya Krismasi, hukumu yake ikaanza na amri ya Mungu: usiibe. Nimesikia. Nani hajasikia? Tangu siku ile kila prodyuza wa Bronx anatembea kama mtu aliyevaa koti la jirani.

Basi: kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni anataka fomu. Jina la santuri, jina la mwenyewe, sahihi ya mwenyewe. Bila hivyo wimbo unaondolewa kwenye albamu, na nafasi yake anapewa Marquis Bell.

Marquis! Prodyuza wa Jerome Avenue! Ngoma zake ni za mtu anayegonga msumari ukutani! Miaka sita nimengoja jina langu lichapishwe nyuma ya albamu inayouzwa dukani, lije lichapwe lake?

Hata hivyo nilicheka. Kujaza jina tu, kazi gani? Nikaivuta santuri chini ya kitanda, nikasoma lebo. Nikaacha kucheka.

Niandike maelezo, kwa faida ya watakaokuja kuandika historia yangu. Sisi tunaochimba santuri kuukuu tuna desturi. Ukipata mlio ambao hakuna anayeujua, usimwachie mwenzio asome lebo, kwa sababu kesho atakuwa nao yeye. Unailoweka santuri kwenye maji ya vuguvugu, lebo inabanduka, siri inabaki kwako. Kila mtu hufanya hivyo. Mimi, Agosti, nilifanya zaidi. Niliiloweka hii kwenye hodhi la bafuni kwa Mama Mkubwa Odessa, ninakoishi, nikabandua lebo yake, halafu nikabandika lebo ya bendi ya polka, ile dansi ya wazee wa Kipolandi, kutoka Wisconsin, akodiani tupu, ili Marquis apotee njia. Hila safi kabisa. Jalada nililitupa. Lebo halisi ilikwenda na maji.

Tatizo ni kwamba sikuisoma. Nilikuwa na haraka ya kuificha.


Jumanne, 4 Februari

Nimepata dawa! Santuri ina lebo, au haina? Inayo. Lebo inasema nini? Inasema Stanislaw Wojcik na Bendi Yake ya Furaha, Milwaukee. Basi mimi ni nani hata nibishane na lebo?

Nimejaza fomu. Kwenye sahihi ya mwenyewe nimeandika Stanislaw Wojcik, kwa mkono wa kushoto, kwa mikunjo ya kizee. Nimeipeleka mwenyewe mjini, pamoja na nakala ya lebo. Bi. Ackerman ni mtu wa Scarsdale, kwa matajiri. Atajua wapi tofauti ya akodiani na tarumbeta?

Nimerudi nikipiga mluzi njia nzima. Lyle amepiga simu, kaniuliza kama mambo yako sawa, kwa sababu mama yake ameshawaambia watu wote wa jengo lao kuwa mwanawe yumo kwenye albamu. Nikamwambia alale usingizi mnono.


Jumatano, 5 Februari

Balaa!

Lebo ilikuwa na namba ya simu. Bi. Ackerman kaipiga. Mzee Wojcik hayupo, ila mjane wake yupo, ana miaka themanini na moja na masikio mazima. Wamempigia wimbo kwenye simu mara tatu. Mjane akasema mambo mawili. La kwanza, mumewe alifariki mwaka 1979, kwa hiyo amefurahi kusikia kwamba jana alitia sahihi. La pili, mumewe hakuwahi kuwa na tarumbeta maishani mwake, na binamu yake alipoleta moja mazoezini walimfukuza kwenye bendi. Ila maneno ya Lyle kayapenda, kauliza Tremont ni kijiji gani.

Bi. Ackerman akaniuliza kama najua kughushi sahihi kunaitwaje mahakamani. Nilikuwa nimekwisha kuona jela, na chakula chake. Kisha akashusha sauti, akasema kwa kuwa yule mama alicheka mpaka akakohoa, yeye ameichana ile karatasi na hajaiona. Ijumaa iko palepale.

Nilishusha pumzi mpaka Mama Mkubwa akauliza kutoka jikoni kama gesi inavuja.

Mchana nikabuni hila ya pili, kali kuliko ya kwanza. Marquis amekuwa akiusaka mlio huu tangu kaseti yetu ianze kuzunguka mtaani. Mwache aniambie yeye! Nikamkuta kwa kinyozi, kajifunga shuka, povu hadi masikioni. Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba hakuna kiumbe Bronx atakayejua tarumbeta langu limetoka wapi.

Marquis akasema, "Dakta, sema ukweli, umekuja kunicheka. Mimi niliona lebo yako kwenye ile pati ya Septemba. Unajua nimenunua santuri ngapi za polka? Kumi na moja! Nimesikiliza akodiani mpaka mke wangu amehamia kwa dada yake!"

Chumba kizima cha kinyozi kikaangua kicheko. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Kisha nikakumbuka kwamba yeye hajui, na mimi sijui.

Marquis akaongeza kwamba kwenye santuri ya saba kapata mlio wa ngoma ambao haujawahi kusikika duniani, na ndio aliouweka kwenye wimbo wake. Kwa hiyo nafasi yangu inataka kuchukuliwa na hila yangu mwenyewe. Sikungoja kunyolewa.


Alhamisi, 6 Februari

Mama Mkubwa kanikuta sakafuni jikoni, nimelaza sikio juu ya santuri, kana kwamba itaninong'oneza. Akanisukuma kwa ncha ya ndala.

"We Cornell, umeanguka au unasali?"

Nikamweleza yote. Kila kitu, hata mkono wa kushoto. Alisikiliza huku akimenya viazi vitamu. Akasema mficha uchi hazai, na kwamba kama ningefungua mdomo tangu Jumatatu angeniambia siku hiyohiyo. Sanduku lile la santuri nililinunua Juni kwenye mnada wa kanisa lake, kule ghorofa ya chini. Analikumbuka vizuri kwa sababu nusu ya njia alilibeba yeye, na mgongo haujapona. Santuri zote zile zilitolewa na Shemasi Gaines, na yenye tarumbeta ni moja tu, ya mwisho kubaki ya bendi yake ya ujanani, waliyoichapisha wenyewe kwa pesa zao mwaka 1968 na watu hawakununua.

Shemasi Gaines! Mtu aliyeendesha basi la jiji miaka ishirini na tisa na hakumpandisha abiria hata mmoja bure! Akijua nimemwibia atanipeleka mbele ya yule jaji wa usiibe, na Biblia atakuja nayo mwenyewe.

Basi hila ya tatu. Sitamwambia. Nitakwenda kwake kwa heshima, nimwombe apige tarumbeta kidogo kwa ajili ya vijana wa kanisa, na kinasa sauti kitakuwa mfukoni. Nikipata mlio mpya, ule wa zamani nautupa. Hakuna santuri, hakuna kesi. Fomu nitamwambia aitie sahihi kama cheti cha shukrani.

Mchana nikaenda. Shemasi mrefu, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Akalitoa tarumbeta kwenye sanduku bila kuuliza swali hata moja. Akapiga. Ulikuwa ni ule mlio! Wenyewe! Mpaka ile pumzi ndogo ya mwisho, ambayo mimi siku zote nilidhani ni mkwaruzo.

Kisha akalipangusa tarumbeta, akasema, "Mwanangu, zima hicho kitu mfukoni, tuzungumze."

Nilitamani zulia linimeze. Akasema wimbo wangu unapita chini ya dirisha lake kutwa, kwenye magari, tangu Oktoba. Alitambua pumzi yake siku ya kwanza. Amekuwa akingoja aone nani atapanda ngazi kumwambia. Akasema, "Lakini mbona ulinipunguza mwendo hivyo? Nasikika kama mtu anayepanda ghorofa ya sita na gunia la viazi."

Nikaomba msamaha. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa nimeupanga. Nikamwonyesha fomu. Akaisoma pande zote mbili, akaikunja, akaitia kwenye Biblia. Akasema si yake peke yake, bendi ilikuwa ya watu watano. Atafikiri, na jibu nitalipata kesho, ofisini kwa Bi. Ackerman.

Kesho! Sijala.


Ijumaa, 7 Februari

Saa tisa mchana: hakuna Shemasi. Saa kumi: hakuna. Nimekaa kwenye baraza ya ofisi ya kampuni, viti vya ngozi, nimeloa jasho mbele ya watu wanaokunywa maji ya chupa. Saa kumi na nusu akaingia Marquis, kanda mkononi, ananukia marashi. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama niko salama. Saa kumi na dakika arobaini Bi. Ackerman akachungulia, akaitazama saa, akanitazama mimi. Nikaanza kutunga barua kwa mama yake Lyle.

Saa kumi na dakika hamsini mlango ukafunguka. Shemasi Gaines, suti ya Pasaka, kofia mkononi. Amechelewa kwa sababu alipita kwanza Mount Vernon, kwa mama wa mpiga ngoma wao, Clyde, aliyefariki mwaka 1971. Bibi ana miaka tisini.

Akamwambia Bi. Ackerman kwamba mgawo atachukua ule wa haki, hilo waandike watakavyoandika wanasheria. Sharti lake ni moja. Majina ya wote watano yachapishwe nyuma ya albamu, bila kosa. Wakati wao hawakuwa na pesa ya jalada la maana, majina yote yaliandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo tu. Yule bibi ameitunza santuri moja miaka yote hii, lakini ililowa kwenye mafuriko ya chumba cha chini, na lebo imefutika. Hajaliona jina la mwanawe likiwa limechapwa tangu hapo.

Niliangalia viatu vyangu. Lebo nyingine yenye jina la Clyde niliipeleka mimi kwenye bomba la maji machafu. Nilisikia aibu, naandika wazi, aibu ya kweli, kifuani.

Akatia sahihi. Herufi kubwa, kalamu yake mwenyewe. Saa kumi na dakika hamsini na saba! Bi. Ackerman akapiga muhuri na akatabasamu. Sikujua ana meno. Marquis akanishika mkono, akasema, "Haya Dakta, umepona, ila polka yangu inakuja." Nikamkumbatia hata yeye. Nikampigia Lyle, akapiga ukelele, mama yake akapiga ukelele nyuma yake. Shuka nzito imeondoka juu ya uso wangu. Nimekula sahani tatu za kuku kwa Mama Mkubwa, na sasa nitalala kama gogo.

Kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Kila sauti ina mwenyewe, na mwenyewe huombwa. Kuuliza si ujinga!


Jumapili, 9 Februari

Chakula cha mchana kwa akina Gaines baada ya ibada. Makaroni ya jibini, sukumawiki, mkate wa mahindi. Shemasi kanionyesha picha ya bendi, wote watano, suti zinafanana. Kanitajia majina mmoja mmoja, nami nikayarudia mpaka nikayajua. Ameniita mwanangu mara nne. Nilijisikia mtu.

Halafu mkewe, Mama Vernelle, akainuka kuosha vyombo. Akaanza kuimba wimbo midomo imefumbwa, peke yake huko jikoni. Polepole, bila maneno, sauti ya chini kabisa, inapanda mara moja, inakaa, inashuka. Uma ukanikaa hewani. Sijawahi kusikia kitu kama kile! Hakipo kwenye santuri yoyote. Marquis anaweza kuchimba Bronx yote hadi Wisconsin, hatakipata.

Nikapeleka mkono mfukoni, kwenye kinasa sauti, taratibu. Shemasi alikuwa akitafuta miwani.

Mama Vernelle akarudi na pai, akanikatia kipande kikubwa kuliko cha mumewe. Akaniuliza kama niliusikia wimbo ule, mimi mtu wa muziki. Ulitungwa na marehemu mama yake, South Carolina, na hajawahi kumpa mtu yeyote, hata kwaya ya kanisa iliyomwomba kwa magoti.

Nikamwambia hapana, mama, sikusikia kitu. Nilikuwa nakula.